Vidole vya Lucy na Mkia wa Mjusi

Kila asubuhi kabla ya uji, Lucy alivua soksi aliyovaa kwenye mkono wa kulia, akaunyoosha mkono huo mbele ya dada yake.

"Dada Raheli, vimeanza?"

Raheli, mwanafunzi wa darasa la sita, aliinama akatazama. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Kidonda kilikuwa kimepona, ngozi imejikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa.

"Bado kidogo. Ngoja."

Lucy alivaa tena soksi yake, akakumbatia kikombe kwa viganja viwili. Alikuwa na miaka saba na hakuwa na haraka, kwa sababu dada alikuwa amemwahidi.

Mambo yalianza baada ya mavuno ya mtama. Mama yao alikuwa amekataza kabisa Lucy asisogelee gogo la kukatia wakati Raheli anakata mabua ya kulisha ndama. Lakini jioni moja wenzake Raheli wa kijijini Kinampanda walikuwa wameshaanza kucheza rede, naye alitaka amalize upesi.

"Nishikie fungu hili, mara moja tu," alimwambia mdogo wake.

Panga likashuka. Mama alipokuwa bado anakimbia kutoka shambani, Raheli alimnong'oneza Lucy, "Nyamaza. Mjusi akikatika mkia, unaota mwingine. Na vidole vyako vitaota. Ila ukisema nilikuambia ushike, havitaota."

Mama Yasinta, jirani yao, alimbeba Lucy mgongoni mpaka zahanati, damu ikilowesha kitenge chake kipya, na hata siku moja hakukitaja kitenge hicho. Raheli alisema Lucy alichezea panga. Mama akaamini. Kwa miezi mitatu kila alipomfunga Lucy vifungo alimwambia, "Unaona ukaidi wako?" Lucy alimtazama dada yake, akanyamaza.

Shuleni, Lucy hakuandika hata herufi moja. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwita mama, akasema mtoto asipoanza kutumia mkono wa kushoto ataachwa nyuma na wenzake.

"Kwa nini hutaki?" mama alimuuliza walipofika nyumbani.

"Nikizoea wa kushoto, vidole vya kulia vitaona sivihitaji."

Mama hakuelewa. Raheli alielewa, na chakula kikamshinda.

Kesho yake, katika somo la sayansi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kidole cha mtu kikikatika, kinaweza kuota kama mkia wa mjusi?"

"Kamuulize mjusi!" Clement alidakia, darasa likacheka.

Mwalimu Zefania hakucheka. Alikuwa amesikia kuhusu vidole vya Lucy. Alichora ubaoni kifaranga ndani ya yai na mtoto tumboni mwa mama.

"Mwanzoni bawa la huyu na mkono wa huyu ni vichipukizi vidogo vinavyofanana," alisema. "Vikishakuwa, njia zinaachana. Yupo mnyama wa nchi za mbali, salamanda, akikatwa mguu unaota wote na mifupa yake. Kiluwiluwi akiwa mchanga anaweza kuotesha mguu, lakini akishakuwa chura hawezi tena kuuotesha vizuri. Mjusi ni mkia tu, tena ule mpya hauna mfupa kama wa kwanza. Mguu wake ukikatika, basi."

"Na mtu?"

"Mtoto akikatika ncha ndogo tu ya kidole, wakati mwingine inajirudia. Kidole kizima hakioti, Raheli. Hakioti kabisa."

Baada ya masomo Raheli alirudi nyumbani peke yake, akamkuta Lucy anamwagia ndama maji.

"Lucy, vidole havitaota."

"Hata nikingoja mpaka niwe mkubwa?"

"Hata ukingoja."

Lucy aliweka ndoo chini. "Ulikuwa unajua?"

"La vidole kuota kama mkia sikujua, nilitumaini tu. Lakini lile la kwamba ukisema havitaota, nilijua ni uongo."

Lucy hakulia. Alipita mbele ya dada yake akaingia jikoni. "Mama, mimi sikuchezea panga. Dada aliniambia nishike mabua."

Raheli, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Ni kweli, mama."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alipiga magoti kwenye vumbi la jikoni, akaushika ule mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilikugombeza bure siku zote hizi."

Jioni ile Lucy alikubali penseli katika mkono wa kushoto. Herufi ya kwanza ilianguka nje ya mstari, ya pili ikatoboa karatasi. Raheli akasogea amshikie daftari.

"Wewe sitaki," Lucy alisema. "Mama ashike."

Raheli alirudi nyuma, machozi yakamtoka. Mama alilishika daftari, kisha akamtazama binti yake mkubwa.

"Usimlazimishe," alisema taratibu. "Kumkata vidole mwenzako ilikuwa ajali, ingawa ilitokana na kutosikia. Kumfunga mdomo ulikusudia. Kosa likitokea, liseme siku hiyohiyo, maana kila siku unayolificha, mwingine ndiye anayelibeba. Mdogo wako amekubebea miezi mitatu. Sasa ni zamu yako kungoja, na mimi siwezi kukuahidi ni mpaka lini."