Mjane wa Kuazima

Saa haitoki jasho ndani ya droo. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, ndiyo maana Jumatatu asubuhi, alipofungua droo ya meza yake na kukuta mkanda wa saa una unyevu, alivuta kiti akakaa kwanza. Aliiacha humo Ijumaa, uso mweusi ti, mkanda mkavu, haijavaliwa na kiumbe. Sasa ule weusi ulikuwa umeanza kupauka na kuwa kahawia, na tundu la tatu la mkanda lilikuwa limevutika, kama kwamba mtu mwenye mkono mwembamba ameivaa miaka kumi.

Akainusa. Ilinuka jasho na vumbi la chaki.

Kazi ya Fundi iliyojulikana mtaani ni kutengeneza saa. Iliyojulikana na watu wawili tu, yeye na mkewe, ni kuzizeesha. Wapenzi wa saa za zamani ni watu wa ajabu: wanataka uso uliofifia, nukta zilizogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, kioo chenye mikwaruzo, na wanaapa kwamba vitu hivyo huletwa na miaka tu. Fundi aliikata miaka hiyo ikawa wiki tatu. Uso aliupasha juu ya pasi, kisha akauanika dirishani. Mkanda aliuchovya maji ya chumvi na kuusugua mafuta. Ubavu aliukwaruza kwa kitambaa cha jinzi.

Wala hakulipua kazi. Saa huchakaa kadiri mwenyewe anavyoishi, alikuwa akisema, kwa hiyo kwanza alimbuni mwenyewe: mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, anayeandika kwa mkono wa kushoto na kuvaa saa mkono wa kulia, mwenye tabia ya kuigonga kwenye fremu ya mlango kila anapoingia. Saa zote za kale za Fundi zilivaliwa na huyo mmoja. Wateja aliwaambia ni marehemu, na mjane ndiye anayeuza.

"Marehemu alikuwa na saa ngapi?" mkewe alimtania siku moja. "Huyo alikuwa mwalimu au pweza?"

Walicheka wote wawili. Walikuwa na miaka kumi na mmoja ya kucheka pamoja.

Kisha, Ijumaa ile, akaja mnunuzi mmoja mbishi aliyekataa kununua mpaka amwone mjane. Fundi akakimbilia jikoni.

"Dakika tano tu, mke wangu. Unakaa, unainamisha kichwa, basi."

"Nijiite mjane na wewe uko hai? Unajichuria, mume wangu!"

Lakini alikubali, kwa kuwa alimpenda. Akajifunga kitambaa cheusi, akakaa, akaishika saa ya marehemu shavuni. "Hakuwa akiivua hata akilala," alimwambia mnunuzi, na machozi yakamlengalenga. "Mume wangu huyu. Namngoja mpaka leo." Alisema vizuri mno, hata Fundi akaona wivu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani hukumbuka methali mteja akiwa mlangoni?

Jumanne mchana, nyumba ikiwa kimya, fremu ya mlango wa mbele iligongwa. Tk. Chuma juu ya mbao. "Karibu," mkewe aliitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisubiri. Fundi alichungulia. Hapakuwa na mtu.

Jumatano alimkuta akipiga pasi shati la mikono mirefu, jembamba, ambalo kwa kitambi cha Fundi lisingefunga hata kifungo kimoja.

"La nani hilo?"

"La mume wangu," akajibu, bila kucheka.

Na siku hiyo, alipokuwa ameinamia kazi na miwani ya ufundi jichoni, Fundi alisikia hatua zikipita nyuma ya kiti chake, taratibu, kama za mwalimu anayepita kati ya madawati wakati wa mtihani, zikasimama, na harufu ya chaki ikamjaa puani mpaka kooni, na pumzi baridi ikamshukia shingoni, na yeye, mtu mzima mwenye nyumba yake, akashindwa kugeuka, akabaki ameitumbulia macho saa iliyokuwa mkononi mwake huku uso wa saa hiyo ukipauka mbele yake, doa kwa doa, kama karatasi inayokaribia moto.

Alhamisi alimwendea tabibu wa majini, mama mmoja mshonaji wa mtaa wa pili. Mama alimsikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Jini havunji mlango, mwanangu. Anatafuta nafasi iliyo wazi. Wewe umemtengenezea mkono, umemtengenezea harufu, mwisho ukampa na mke."

"Nifanyeje, mama? Nisaidie."

"Kesho saa nane nakuja. Mkeo atatamka mbele yangu mumewe ni nani. Atakayemtaja atabaki, mwingine nitamtoa. Ila nikishaanza, siwezi kuishia njiani. Umeelewa?"

Fundi alielewa. Miaka kumi na mmoja! Alirudi mbio, akatoa saa zote za mwalimu, akazivunja kwa nyundo moja moja. Mkewe akatokea mlangoni.

"Baba, wewe ni nani? Mbona unavunja vitu vya mume wangu?"

Nyundo ikamponyoka. Akamwambia siku waliyooana, wimbo aliokuwa akiuimba akifua, kovu la goti lake lilivyopatikana. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za jirani, na Fundi akalia mbele yake bila aibu.

Ijumaa saa nane tabibu akafika na chetezo cha ubani. Akamkalisha mwanamke katikati ya chumba, akamsimamisha Fundi ukutani. Kwenye ukuta wa pili, moshi ulipokolea, alisimama mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi. Fundi akamwona waziwazi, kila mkunjo wa uso, jinsi alivyombuni.

"Mwanangu," tabibu akanong'ona, "mumeo ni nani?"

Mwanamke alimtazama Fundi muda mrefu. Midomo ikamcheza. Kitu kikawaka machoni pake, na Fundi akaona moyo unamrudia mahali pake.

"Mume wangu alikuwa fundi saa," akasema. "Mcheshi, ana kitambi. Nilimpenda sana."

"Mimi hapa!" Fundi akasema. "Mke wangu, mimi hapa!"

"Mungu amrehemu," akaendelea, machozi yakimtiririka. "Aliniacha mjane. Sasa mume wangu ni mwalimu huyu."

Tabibu akafumba macho. Alipoyafumbua, chetezo alikuwa amekielekeza kwa Fundi.

"Nisamehe, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Umesikia mwenyewe. Haya, toka."

Fundi alifungua kinywa abishe. Miguu yake, bila kumwuliza, ilikwisha kuanza kwenda.