Mvua ya Maneno Mawili

"Hapo hapo panatosha. Usivuke kizingiti changu."

Mama mkwe mtarajiwa alisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika simu. Binti aliyekuwa barazani, mwenye mfuko wa maua ya ukumbini, wote walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masomo ya mtandaoni. Aliandika maelezo, akayasoma kwenye maikrofoni, akapanga picha na maswali, na watu ambao hawajawahi kumwona wakajifunza kazi kwa sauti yake. Jumamosi ilikuwa aolewe. Hii ilikuwa Alhamisi.

"Mama, kuna nini? Tangu jana Fundi hapokei simu zangu. Leo kaniandikia eti harusi hakuna, nisimtafute."

"Unaniuliza mimi kuna nini? Haya, sikiliza mwenyewe, halafu wewe ndiye uniambie."

Akabonyeza. Sauti ikatoka kwenye simu, nyembamba kama inatoka ndani ya kopo:

"Yule fundi? Simpendi hata kidogo. Namvumilia tu mpaka nipate mwingine."

Mtu akikusingizia kwa maneno ya jirani, utakana. Utalikanaje koo lako mwenyewe? Sauti ilikuwa yake, hata kale kamkato ka mwisho wa sentensi kalikuwa kake.

"Mama, sijawahi kusema hivyo. Haki ya Mungu."

"Basi aliyesema ni koo la kuazima! Mwanangu haongei, hali. Mtu aliyemfundisha hata kuongea mbele ya kamera ndiye huyu huyu anayemvumilia!"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Fundi alikuwa fundi umeme, na kampuni ya akina Mwalimu ilimwita atengeneze somo la kuunganisha nyaya za nyumba. Kwenye nyaya alikuwa hodari, lakini kamera ilipowaka akakauka kama kigogo. Mwalimu alimwambia, "Usiongee na mashine. Ongea na mtu mmoja unayependa akuelewe." Tangu siku hiyo Fundi hakuiangalia kamera tena. Alimwangalia aliyesimama nyuma yake, na video zote za somo lile zina macho ya mtu aliyependa.

"Nani katuma hiyo sauti?" Mwalimu aliuliza.

"Namba ngeni. Msamaria mwema."

"Nitumie na mimi, tafadhali."

"Ya nini?"

"Nikaisikilize vizuri."

"Chukua! Ukalie nayo." Mama mkwe akaituma, kisha akaufunga mlango. Pazia la dirisha la pembeni lilitikisika. Fundi alikuwa ndani, na hakutoka.

*

Nyumbani, Shangazi aliyemlea Mwalimu tangu utotoni aliisikiliza sauti ile mara moja tu, akaisukuma simu pembeni.

"Niambie ukweli, mwanangu. Ulisema?"

"Sikusema, Shangazi."

"Basi. Kwangu kesi imekwisha. Sasa tunawamaliza vipi wao?"

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Alikuwa Mikasi, mwenzake wa ofisini, anayekata na kusafisha sauti zote kabla hazijaingia kwenye masomo. Jina hilo alipewa kwa sifa. Alikuwa anajua kutoa kikohozi katikati ya neno na neno likabaki zima.

"Pole sana, kipenzi. Nimesikia harusi imevunjika. Mtu asiyekuamini hakufai. Mimi nipo."

"Huyu naye kasikia kwa nani?" Shangazi aliuliza.

Hata Mwalimu alikuwa anajiuliza hilo hilo. Alifungua laptopu, akachomeka hedifoni, ile kubwa ya kazini inayofunika masikio yote mawili. Kwenye fani yao kuna sheria moja ambayo hata mgeni huambiwa siku ya kwanza: sauti haisikilizwi kwa spika ya simu. Spika ya simu inaficha uchafu.

Alisikiliza. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akavua hedifoni na kuishika mapajani.

"Shangazi, mvua."

"Mvua gani na jua lote hili?"

"Humu ndani. Njoo usikie. Nikisema 'yule fundi', mvua inanyesha. Nikianza 'simpendi', imekata. Hainyeshi tena mpaka mwisho."

Shangazi alivaa hedifoni, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anacheka kwa hasira.

"Mvua ya maneno mawili! Wingu la wapi hilo?"

"La stoo ya ofisini tunakorekodia, paa lake la bati. Nilikuwa nasoma somo la matengenezo ya nyumba, mvua ikanimwagikia juu ya kichwa, rekodi ikaharibika. Nikairudia siku ya pili. Ile mbovu haikuingia kwenye somo lolote. Ilibaki kwenye faili ghafi."

"Na hayo mengine? Simpendi, namvumilia?"

"Somo la mameneja wa hoteli. Niliigiza meneja mkorofi anayemsema mhudumu wake, ili wanafunzi wajue kisichofaa kusemwa. 'Yule mhudumu? Simpendi hata kidogo.' Mtu kamtoa mhudumu, kamweka fundi."

"Na hayo mafaili ghafi, nani anayafungua?"

"Mimi," Mwalimu alisema polepole. "Na Mikasi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Shangazi alisema, akainuka kutafuta mtandio wake. "Kesho tunakwenda. Na hilo dude la masikioni tunalibeba."

*

Shangazi hakubisha hodi, alitangaza.

"Hodi hii si ya kuomba kuingia! Ni ya kuwapa taarifa kwamba tumeingia!"

Sebuleni walikuwepo Mama mkwe na mwanawe. Fundi alikaa kwenye kiti cha pembeni, ndevu hazijanyolewa, akitazama sakafu. Moyo wa Mwalimu ulitaka kumhurumia, akaukataza.

"Sikuja kubembeleza," alisema. "Nimekuja kufundisha. Mkishanielewa nitaondoka."

Akaweka laptopu juu ya meza na kuigeuzia kwao. Kwenye skrini sauti ile ilionekana kama milima na mabonde.

"Mama, hivi ndivyo sauti inavyoonekana. Mtu anapoongea panapanda, anaponyamaza panashuka. Lakini hata akinyamaza, chumba hakinyamazi. Kuna feni, kuna magari, kuna majani. Mlio huo hauwezi kubadilika katikati ya sentensi kama mtu hajahama chumba. Tumeelewana?"

"Usinifanye mtoto wa chekechea."

"Naomba uvae hii."

Mama mkwe alisita. Shangazi akaichukua hedifoni na kumvika mwenyewe, juu ya kilemba, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mwalimu akabonyeza.

Uso wa Mama mkwe ulibadilika. Akainua kidole.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Kuna mvua hapa mwanzo." Alikuwa anapiga kelele kama wafanyavyo wote waliofunikwa masikio. "Halafu imekata!"

"Nilikuwa naongea wapi, Mama, ambapo mvua ilinyesha kwa maneno mawili?"

Kisha akawasikilizisha rekodi mbili kutoka kwenye diski yake. Ya kwanza, sauti yake chini ya mvua kubwa: "Yule fundi akimaliza kazi, kagua kila bomba kabla hajaondoka." Ya pili, meneja mkorofi wa hoteli na mhudumu wake. Akayapanga mawimbi juu na chini, ya kesi na ya kazini. Yalilingana kama nyayo na kiatu.

Fundi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Nani kafanya hivi?"

"Subiri. Na yeyote asikohoe."

Mwalimu akawasha kurekodi kwenye laptopu, akapiga simu, akaiweka sauti ya nje.

"Mikasi, samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani, kipenzi? Nilikwambia nipo." Shangazi akaubenua mdomo.

"Hatimaye nimeisikia hiyo sauti inayozunguka. Mwanzoni nilidhani ni kazi yako."

"Kazi yangu? Sijui hata unaongelea nini."

"Ndiyo, nami nimejiambia hivyo hivyo. Mikasi ninayemjua mimi hawezi kutoa kazi chafu namna hii. Mvua inasikika, aibu tupu. Aliyekata ni mwanafunzi wa juzi, hata kusafisha sauti hajui."

Mwalimu alimjua mwenzake. Alijua kwamba ukimwita mwongo atacheka, ukimwita mwizi atakasirika kidogo. Lakini hakuwahi kulala akiwa ameambiwa kazi yake ni mbaya.

"Mvua haisikiki," Mikasi alisema.

"Inasikika, ndugu yangu. Inaanza ghafla, inakatika ghafla. Ni kazi ya kubabaisha."

"Haiwezekani! Niliisafisha ile mvua mpaka ikaisha! Nikaisikiliza kwenye simu kabla ya kutuma, na haikusikika hata—"

Akayakata maneno yake. Alikuwa ameshachelewa.

"Kabla ya kumtumia nani, baba?" Mama mkwe aliuliza, hedifoni ikimning'inia shingoni.

"Hapo kuna nani?"

"Tupo sote," Mwalimu alijibu. "Umesikilizia kwenye simu, Mikasi? Wewe?"

Mikasi alipumua kwa nguvu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mimi nilikupenda kabla yake. Miaka yote ile nasafisha sauti yako, naijua kuliko mtu yeyote. Wewe uliniona kama meza ya ofisini."

"Ungeniambia, ningekukatalia kwa heshima, na tungebaki marafiki. Ulichofanya ni kuchukua sauti yangu ukanichinja nayo. Meneja atayasikia mazungumzo haya leo."

Shangazi akainyakua simu. "Na za mwizi ni arobaini, mwanangu! Ukihesabu utaona zimetimia!" Akakata.

Ofisini jambo lile halikuchukua muda. Jioni ile ile meneja aliposikia mwenyewe, alimwachisha Mikasi kazi. Wanasema alimkalisha chini na kumweleza kwa utaratibu mzuri kabisa, maana alikuwa amehitimu lile lile somo la namna ya kusema na mfanyakazi.

Lakini hayo ni ya jioni. Sebuleni, Mama mkwe alivua hedifoni, akaja mpaka alipokuwa Mwalimu, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nilikufungia mlango. Nilikuaibisha barazani mchana kweupe. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama. Wewe ni mzazi, ulimlinda mwanao. Na nilipokuomba unitumie ile sauti, ulinitumia. Bila hivyo nisingekuwa na cha kusikiliza."

Kisha akaanza kukunja waya. Hedifoni mfukoni, diski mfukoni, laptopu ikafungwa. Fundi alimwona anajiandaa kuondoka, akainuka.

"Mwalimu, ngoja."

"Nilisema nikishaeleweka naondoka. Nimeeleweka."

"Nimekosa. Niseme nini?"

"Sijui. Mama yako alisikia sauti akanitukana usoni, nikapata pa kujitetea. Wewe ulisikia, ukajificha nyuma ya pazia. Nilikuona. Ulichohitaji ni swali moja tu, Fundi. 'Umesema hivi?' Basi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mtu unayeshika nyaya zenye moto?"

"Niliogopa utasema ndiyo. Mimi ni mtu wa kupanda ngazi na kutoboa kuta. Wewe sauti yako inasikika nchi nzima. Kila siku najiuliza alinipendea nini. Ile sauti ilipokuja, nikaona ni jibu nililokuwa nalisubiri siku zote. Sikulipima. Nililiamini kwa sababu nilikuwa naliogopa."

Mwalimu aliweka mfuko mezani. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa anampenda bado, na vyote viwili vilimjaa kifuani kwa pamoja.

"Nisikilize vizuri. Nikiingia kwenye ndoa hii, watu watasema. Watatuma sauti, watatuma picha, wataleta maneno kwa miguu. Siwezi kila mara kuja na laptopu kujitetea sebuleni kwa mama yako."

"Najua."

"Unajua utafanya nini?"

"Nitakuuliza wewe. Kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata kama naogopa."

"Basi anza sasa. Uliza ulichoogopa kuuliza."

Fundi aliwatazama mama yake na Shangazi, ambao hakuna aliyejifanya hasikii. Akawasahau, akamkabili binti yule kama alivyomkabili siku za kamera, isipokuwa safari hii hapakuwa na kitu katikati yao.

"Unanipenda?"

"Nakupenda."

"Unanitaka, mimi hivi nilivyo?"

"Nakutaka wewe hivyo ulivyo, pamoja na uoga wako, ila ndevu hizo uzinyoe kabla ya kesho."

Vigelegele vya Shangazi viliwatoa majirani vibarazani. Mama mkwe alikuwa ameshashika simu, anampigia mpishi.

"Haloo? Ni mimi. Yale ya jana yafute yote, nilikuwa mjinga. Ndiyo, kesho, palepale, na ongeza masufuria. Harusi ipo!"