Neti Hazina Masikio

Kila asubuhi Émilie anaamsha watu wake kwa sauti kubwa. Hana muda wa kubembeleza. Samaki anaouza sokoni wanatoka Yanonge na wanafika mapema, na muuzaji anayechelewa anabakiziwa waliopondeka.

"Franck, baiskeli. Koko, chai iko tayari. Déborah, maji."

Franck ni mume wake. Anabeba abiria kwa baiskeli, kazi ambayo Kisangani inaitwa toleka. Koko Georgette ni mama wa Franck; koko ni bibi au babu. Déborah ni binti yao, mwanafunzi wa shule ya msingi. Wanaishi komini ya Tshopo, si mbali na mto.

Asubuhi hiyo Franck alichukua baiskeli. Koko alikunywa chai. Maji hayakuja. Déborah alikuwa ameketi mlangoni, amempa mama yake mgongo, anamenya ndizi.

"Déborah, maji," Émilie alirudia.

Mtoto hakugeuka.

"Huyu mutoto anatuzarau," Koko alisema. "Ni wewe unamulea vibaya."

Émilie alimgusa Déborah begani. Mtoto akaruka kwa mshtuko, kisu kikaanguka.

"Ulisema kitu, mama?"

Alipogeuza kichwa, Émilie aliona pamba masikioni, yote mawili. Chini ya pamba, usaha ulikuwa umeshuka hadi shingoni.

Jambo hilo halikuwa geni. Sikio la kushoto lilianza kutoa usaha wakati wa mvua. Koko alipasha moto mawese, akatia matone sikioni, kama alivyotibu watoto wake. Usaha ulipungua kidogo, kisha ukarudi na rafiki yake, sikio la kulia. Harufu ikawa mbaya. Émilie mwenyewe ndiye aliyeweka pamba, ili mtoto asichekwe. Alichekwa tu. Mwalimu alimhamisha nyuma ya darasa kwa sababu ya harufu. Huko nyuma hakusikia kitu. Asiposikia, hajibu. Wenzake wakampa jina: Libanga, yaani jiwe.

"Leo siendi soko," Émilie alisema. "Vaa viatu."

Kituo cha afya cha mtaa kina vyumba vichache. Chumba cha mwisho ni kidogo kuliko vyote. Kina kiti kimoja, taa, beseni, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa rangi: MASIKIO. Muuguzi wa chumba hicho ni Mwanahamisi. Alisomea uuguzi, kisha akaongeza mafunzo ya masikio. Hana maneno mengi ya sukari.

Alitoa pamba kwa kibano. Akainusa kwa mbali. Akaangalia ndani ya masikio kwa taa.

"Nani alitia mafuta?"

Émilie alitazama ukuta. "Ni mama mukwe."

"Na pamba?"

"Ni miye."

"Bon. Sasa musikilize wote wawili, juu hii kazi mutafanya nyumbani." Alimgeuza Déborah ili mtoto aone mdomo wake. "Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba, kama ngozi ya ngoma. Sauti inaipiga, ndiyo tunasikia. Kwako imetoboka. Usaha unapita kwa tundu. Ukitia mawese, inaingia na uchafu. Ukitia pamba na kuiacha, usaha unabaki ndani unaoza. Ukiogelea, maji inaingia. Sikio hii inaomba kitu kimoja: ikauke."

"Inakaukaje?"

Mwanahamisi alichukua kitambaa safi cha pamba. Alikisokota kikawa utambi mwembamba. Akauingiza polepole sikioni, akangoja, akautoa. Ulikuwa umelowa. Akatupa, akasokota mwingine, hadi utambi ukatoka mkavu. Ndipo akatia matone ya dawa.

"Asubuhi, katikati ya siku na magaribi. Nawa mikono kwanza. Kausha, halafu dawa. Dawa juu ya usaha haifiki popote. Hakuna kijiti, hakuna manyoya ya kuku, hakuna kifuniko cha kalamu. Hakuna kuogelea mutoni mpaka niseme. Muje hapa kila juma niangalie."

"Na kama tunangoja tu? Batu banasema sikio haiuwi mutu."

"Banadanganya. Usaha unaweza kula mufupa, unaweza kufika kwa ubongo. Ukiona nyuma ya sikio imevimba, ao kichwa inamuuma sana na homa, ao anapepesuka kama mulevi, usingoje kesho. Pale ni hôpital mara moja."

Déborah alikuwa amefuata kila neno kwa macho. "Nitasikia tena?"

"Kwanza tukaushe. Kisha tutapima. Siahidi kitu sijapima."

Émilie alimpenda muuguzi huyo papo hapo.

Nyumbani, Koko alinuna. "Mawese ilimukomalisha baba yako," alimwambia Déborah. Lakini aliwaona wakisokota tambi siku baada ya siku, na siku moja akazichukua mkononi mwa Émilie. "Unasokota kama kamba ya kufunga mbuzi. Lete hapa." Tangu hapo tambi za Koko zikawa ndizo bora.

Sikio la kushoto lilikauka. La kulia lilikuwa bado linatoa maji kidogo. Juma lililofuata Émilie na Déborah walirudi kituoni, wakakuta kiti cha masikio kiko nje kwenye baraza. Ubao ulikuwa chini, umegeuzwa uso. Mwanahamisi alikuwa kwenye meza nyingine, anafunga vidonda. Hakuinua macho.

Mkuu wa kituo, titulaire kama wanavyomwita, alikuwa Benoît, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Alikuwa na funguo mkononi.

"Maman Émilie, kuna kampeni ya neti za mbu. Neti zinafika kesho, nyingi. Nafasi hakuna. Chumba inakuwa dépôt, stoo ya neti."

"Na masikio?"

"Masikio haiko kwa plan ya kituo. Sijaandika miye hiyo plan. Zone, ile ofisi ya afya iko juu yetu, ndiyo inaniuliza: malaria ngapi, kuhara ngapi, chanjo ngapi. Masikio hakuna mutu ananiuliza."

"Basi leo nakuuliza miye."

Benoît alitabasamu kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Nenda hôpital kubwa."

"Nilishaenda kuuliza. Muganga wa masikio ni mumoja, na anahudumia jimbo lote. Ule mustari wa batu, mutoto wangu atafika mbele na mvi."

Walipotoka, Mwanahamisi aliwafuata hadi kwenye lango.

"Sikio yake ya kulia imebakiza kidogo," alisema. "Mukiacha sasa, inarudi yote. Nimesema kwa mikutano, ya kituo na ya zone. Nimeomba posti ya masikio iandikwe. Wananijibu: muuguzi ni muuguzi, afanye popote. Sauti yangu peke yangu wameizoea."

"Wamezoea yako," Émilie alisema. "Yangu bado."

Jioni, Franck alisikia mpango wake, akaweka sahani chini.

"Émilie, siye ni batu badogo. Utagombana na kituo, kesho ukiugua watakuchoma sindano ya maji."

"Watanichoma nini? Wewe kanyaga baiskeli yako. Miye naenda kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwa kiti."

Kabla ya kulala alikuwa amepita sokoni na mtaani. Aliongea na akina mama ambao watoto wao walikuwa wanatibiwa katika chumba kile. Hakuwabembeleza. "Kesho asubuhi. Mulete batoto. Mulete na kazi yenu, juu tutakaa."

Kulipokucha walifika. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kungoja neti. Waliona kiti bado kiko barazani, wakakirudisha ndani. Waligeuza ubao na kuuning'iniza tena. Kisha wakakaa, wengine kwenye viti vyao vya soko, wengine sakafuni. Mmoja alileta pondu, majani ya muhogo, ya kuchambua. Mmoja alileta karanga za kumenya. Émilie alileta samaki wakavu, akaanza kutoa miiba. Watoto walijaa katikati. Chumba kikanuka samaki kuliko usaha.

Vijana wa pousse-pousse, mikokoteni ya kusukuma, walifika na marobota ya neti. Wa kwanza alisimama mlangoni, robota kichwani, jasho linamtoka.

"Mama, mutupishe."

"Neti iko na masikio?" Émilie aliuliza.

Kijana alifikiri. "Apana."

"Batoto hawa iko nayo. Basi neti ingoje inje."

Akina mama walicheka. Kijana pia akacheka, akashusha robota lake, akalikalia.

Benoît alikuja mbio. "Maman Émilie, hii ni fujo."

"Hii ni pondu," alisema yule mama wa majani. "Fujo haijaanza."

"Munataka batoto bakufe na malaria?"

"Hapana, titulaire," Émilie alijibu. "Tutazitundika sisi wenyewe hizo neti, nyumba kwa nyumba, na utatushukuru. Lakini hutachukua kitu ya mutoto huyu kumupa mutoto yule. Tafuta fasi ingine."

Benoît alimtuma mtu amwite Papa Lambert, mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa. Kamati hiyo ndiyo inayokubali mpango wa mwaka kabla haujapelekwa zone. Papa Lambert alifanya kazi ya mekanisia, fundi wa injini, kwenye baleinière, zile boti kubwa za mbao zinazoshuka hadi Isangi na Barumbu. Mtaa mzima unajua kwamba kuongea naye lazima upige kelele. Yeye husema watu wa siku hizi wanaongea ndani ya tumbo.

Alifika kwa toleka. Mwendeshaji alikuwa Franck. Alikuwa amembeba njia yote bila kumwambia kwamba kichwa cha vurugu ni mke wake. Alisimamisha baiskeli, akajificha nyuma ya marobota.

"Ni nini hapa?" Papa Lambert alinguruma. "Nimetumika na motor maisha yangu yote. Sijawahi kuhitaji muganga wa masikio."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Émilie alisimama mbele yake, akaanza kueleza. Alipokuwa akieleza, Papa Lambert alimwona Déborah. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, amegeuza sikio la kushoto mbele, macho yake yameganda kwenye mdomo wa mama yake. Émilie alipogeuka kumwonyesha kiti, Déborah alisogea haraka ili aendelee kuuona mdomo. Papa Lambert naye alikuwa amesogea, hatua ileile, upande uleule. Karibu wagongane.

Mzee alimkazia macho.

"Wewe mutoto. Unatazama kinywa?"

"Ndiyo, koko. Mutu akigeuka, maneno inakwisha."

Papa Lambert alisema kwa sauti ndogo, ndogo kwa kipimo chake, maana hata vijana wa nje walisikia.

"Kwa wajukuu wangu, wakicheka mezani, miye pia nacheka. Sijuwi wanacheka nini."

Aliketi kwenye kiti cha masikio bila kuombwa. Mwanahamisi alitoka kwenye meza ya vidonda, akawasha taa, akaangalia. Alijiweka mbele ya mzee na kuongea polepole.

"Papa, kwako hakuna usaha. Ni motor. Kelele ya miaka mingi inaua sikio kwa ndani, na ile iliyokufa hairudi. Kuna mashine ya kusaidia kusikia, lakini hapa hatuna. Nimeiomba. Wale vijana wako kwa boti wazibe masikio wakati motor inaunguruma, na wapumzike mbali nayo. Hao bado tunaweza kuwalinda."

"Juu ya nini hukuniambia zamani?"

"Nilikuambia kwa mukutano, papa. Mara nyingi."

Mzee alimtazama, kisha akamgeukia Benoît. "Neti zinaenda kwangu. Sebule yangu ni kubwa, na mulinzi ni miye. Franck, acha kujificha, onyesha vijana njia."

Chumba kilibaki. Lakini Émilie hakutosheka na chumba. Chumba bila plan kinafungwa tena na kampeni nyingine. Kwa hiyo kamati iliandika upya mpango wa mwaka, na Mwanahamisi alisema nini kiingie: watoto wakaguliwe masikio siku wanapokuja kupimwa uzito na kuchanjwa, kwa sababu surua nayo hula masikio, matone yaagizwe pamoja na dawa nyingine, na muuguzi wa masikio asihamishwe kama meza.

Waliupeleka ofisi ya zone wao wenyewe. Papa Lambert alisimama kuusoma. Afisa mmoja alimkatiza: masikio si kipaumbele. Papa Lambert aliendelea. Afisa alipiga meza, akamwambia akae. Papa Lambert aliendelea. Alisoma kwa sauti ya mtu anayeongea juu ya motor mbili, mpaka neno la mwisho, na nje ya madirisha watu walisimama kusikiliza. Mpango ulipokelewa. Zone ilikubali ukaguzi wa watoto na matone. Mashine za kusikia walisema watafikiri.

Njiani, Émilie alimuuliza: "Papa, ulisikia alipokuambia ukae?"

"Hiyo nilisikia," alisema Papa Lambert. "Na hiyo ya mashine tutarudi nayo."

Sikio la kulia la Déborah lilikauka. Siku ya kupima, Mwanahamisi alimketisha kwenye kiti, akasimama nyuma yake, mahali ambapo mdomo hauonekani. Akafunika sikio moja, akanong'ona maneno. Mtoto alirudia. Akafunika jingine. Machache yalipotea upande wa kulia.

"Tundu la kulia bado," alisema. "Tutalifuata. Lakini shuleni arudi mbele, mwalimu aongee akimutazama. Nitaenda kumwambia miye mwenyewe."

"Tutaenda wawili," Émilie alisema.

Mwanahamisi aliinama tena nyuma ya Déborah, kwa mara ya mwisho, akanong'ona kitu ambacho Émilie hakukipata.

Déborah akaanza kucheka.

"Amesema nini?" Émilie aliuliza.

"Amesema mama yangu iko na kichwa nguvu, hasikii mutu."

"Na wewe umejibu nini?"

"Sijajibu. Nimesikia tu."