Kitabu cha Mtumba cha Annalise

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya masomo, Bi Janelle Rinehart aliosha mifuko ya plastiki. Si utani. Vile vifuko vya kutilia mkate na nyama, ambavyo majirani walivitupa vikishatumika mara moja, yeye aliviosha kwa sabuni na kuvianika kwa vibanio kwenye kamba iliyopita juu ya sinki. Watoto wake watatu walikuwa wamezoea kunywa uji wa shayiri huku matone ya maji yakiwadondokea shingoni.

Mumewe, Dale, aliendesha lori la kokoto, na mshahara wake mmoja ndio uliolisha watu watano. Kwa hiyo Mama alibana matumizi hasa. Mkate alioka mwenyewe. Nywele za wote alizikata mwenyewe, na za mwanawe Silas zilionyesha hivyo. Watoto pia aliwafundisha mwenyewe, pale pale kwenye meza ya jikoni, wakianza kwa sala na Biblia, kisha hesabu. Ruthie, wa miaka mitano, alikuwa akijifunza kusoma. Silas alikuwa na miaka minane. Jemima, mkubwa wao, alikuwa na miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha.

"Mama, kwa nini mvuke hauonekani pale mdomoni mwa birika, unaonekana juu kidogo?"

"Mama, nani aliamua wiki iwe na siku saba na si nane?"

"Hilo la pili limo mwanzo kabisa mwa Biblia yako," Mama alimjibu. "Sasa fungua kitabu cha hesabu, mdadisi wangu."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mtumba. Vitabu vyao vyote vilikuwa vya mtumba. Mama alivinunua kila Mei kwenye soko la vitabu lililofanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa, ambapo familia zilizosomesha watoto nyumbani katika bonde lile ziliuziana vitabu vilivyokwisha kutumika. Ikifika Agosti, kabla ya masomo kuanza, watoto walipewa vifutio na kazi moja: kufuta kila kilichoandikwa na mwenye kitabu wa kwanza. Wao wenyewe hawakuruhusiwa kuandika humo hata nukta. Jemima alifanya maswali yake nyuma ya karatasi za matangazo ya kanisa, ili kitabu kije kimfae Silas, na baada ya Silas, Ruthie.

Agosti ile Jemima alifuta kwa bidii hadi ukurasa wa arobaini. Hapo akakutana na mbuzi.

Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo wa penseli, paliandikwa: *Leo mbuzi ameingia jikoni akala kalenda. Sasa hatujui ni tarehe ngapi.* Jemima alicheka peke yake. Akafunua ukurasa uliofuata. *Mama anadhani nafanya swali la kumi na mbili. Natazama theluji.* Na mbele kidogo: *Nani alizileta hizi hesabu za sehemu duniani? Nina neno naye.*

Akarudi kwenye jalada la ndani. Palikuwa na jina: Annalise Croft.

Ni nani huyu? Anaishi wapi? Mbuzi aliadhibiwa? Jemima hakuweza kuyafuta maneno yale. Aliona ni kama kumfunga mtu mdomo katikati ya hadithi. Mama alipopita akafunua kurasa chache za mwanzo, zote safi, akasema, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu," na Jemima akakifunga kitabu.

Sasa, pembeni mwa ukurasa palikuwa na hadithi, lakini katikati palikuwa na majibu ya Annalise kwa kila swali. Mwanzoni Jemima aliyatazama baada ya kumaliza swali, kuhakikisha tu. Baadaye akawa anayatazama swali likiwa gumu. Alipofika kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu, somo la thelathini na mbili, aliacha kabisa kujisumbua. Alinakili jibu, akabuni hatua mbili tatu za kulifikia, kisha akageukia hadithi za Annalise.

Mama hakugundua. Jemima alisoma masomo yake mwenyewe, na akikwama ndipo amwite Mama, ambaye alikuwa na Ruthie mapajani akimtamkisha herufi. Jioni Mama alichukua ile karatasi ya matangazo, akailinganisha na kitabu cha majibu alichokiweka juu ya friji, akaandika alama. Tisini na tano. Tisini na saba. "Huyu binti!" alimwambia Baba kwa furaha. "Sehemu zinawatoa jasho watu wazima, yeye anazila tu!"

Mwezi wa Januari, baada ya somo la sabini na tatu, Annalise alitoweka.

Hapakuwa na neno, hapakuwa na jibu. Kurasa zote zilizofuata zilikuwa nyeupe. Jemima alizipekua hadi mwisho, kisha akazipekua tena. Je, aliugua? Alihama? Alikufa? Usiku na mchana swali hilo lilimsumbua kuliko hesabu zenyewe. Ila hesabu nazo hazikumsubiri. Kila somo jipya lilijengwa juu ya yale ambayo hakuyafanya, na yeye hakuwa na pa kushika. Wiki ile alipata hamsini. Iliyofuata, thelathini na nane.

"Unaumwa, mwanangu?" Mama alimuuliza.

"Hapana, Mama."

"Hebu nikueleze tena." Akaeleza. Jemima aliitikia kwa kichwa, wala hakuelewa kitu.

Ilipofika Aprili, Mama hakuwa tena na furaha mezani. Mwezi wa Juni Jemima alitakiwa kufanya mtihani ambao jimbo liliwadai watoto wote wanaosomea nyumbani, na matokeo yangepelekwa ofisi ya elimu ya kaunti. Akianguka, familia ingewekwa chini ya uangalizi mwaka mzima. Bibi Lorraine, mama yake Baba, alipiga simu kila Jumapili. "Janelle, wapeleke watoto shule," sauti yake ilisikika hadi sebuleni. "Huna haja ya kuthibitisha chochote kwa mtu yeyote."

Siku moja Jemima alimsikia Mama akimwambia Baba, "Akianguka, Septemba waende shule wote watatu. Shule si mbaya, Dale. Mbaya ni mimi. Nimeshindwa kazi moja niliyoomba kuifanya."

Na asubuhi iliyofuata, uji ukiwa bado wa moto, Mama alifumba macho akasali kwa sauti, "Bwana, nionyeshe ninapokosea kumfundisha Jemima."

"Amina," alisema Silas.

"Amina," alisema Ruthie.

Jemima hakuweza kusema amina. Alijua vizuri kabisa ni wapi kosa lilipokuwa, na lilikuwa limelala mbele yake mezani. Alitaka kusema. Alifungua mdomo, akaomba aongezewe maziwa.

Jumamosi ya pili ya Mei wakaenda kwenye soko la vitabu. Ukumbi ulijaa akina mama wenye vikapu na watoto waliokaa chini ya meza wakisoma vitabu ambavyo hawakukusudia kununua. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye vitabu vya hesabu. Jemima alizurura, akafika kwenye meza ya pembeni, ambapo msichana wa miaka kama kumi na tisa alikuwa akipanga atlasi. Kifuani alikuwa na kibandiko chenye jina lake. Annalise Croft.

Yu hai! Mdomo ukamtangulia Jemima.

"Ni wewe! Wewe wa mbuzi!"

Msichana alimtazama. "Mbuzi gani, jamani?"

"Aliyeingia jikoni akala kalenda!"

"Heh!" Annalise aliangua kicheko. "Huyo ni Biskuti! Umemjuaje? Hilo jambo lina miaka saba!"

"Aliadhibiwa?"

"Aadhibiwe nini, alitapikia zulia zima. Mama yangu alisema hiyo inatosha."

"Na kwa nini uliacha?" Jemima aliuliza, maneno yakimtoka mbio. "Somo la sabini na tatu uliandika, la sabini na nne hukuandika tena, hata neno moja. Nilidhani umekufa!"

Annalise alicheka hadi akashika meza. "Nife! Hapana, dada. Mama yangu alisikia kwamba kitabu kisichoandikwa kinauzwa kwa bei nzuri zaidi. Siku hiyo hiyo akaninyang'anya penseli, akanipa bahasha kuukuu, akasema kuanzia leo andika humu. Basi, ndiyo habari yote."

Jemima alikuwa amewaza maradhi, moto na meli kuzama. Kumbe bahasha! Alianza kucheka naye. Ndipo Annalise akakunja uso kidogo.

"Lakini maandishi yangu bado yapo? Nyie kwenu hamfuti?"

Nyuma yake Jemima alisikia mtu akivuta pumzi. Aligeuka. Mama alikuwa amesimama pale, na kikapu mkononi.

"Labda hayakufutika vizuri," Annalise aliongeza kwa wema. "Nilikuwa nakandamiza penseli mno."

Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yake. Kilichobaki ni kusema *ndiyo, yalibaki kwa mbali*, na mambo yangeishia hapo. Jemima alikitazama kikapu. Ndani yake kulikuwa na kitabu kimoja tu, hesabu za watoto wa miaka tisa. Mama alikuwa amejiandaa kuanza naye upya, akiamini kwamba aliyekosea ni yeye mwalimu.

"Hapana," Jemima alisema, na machozi yakaanza. "Sikuyafuta. Mama, sikuyafuta. Nilinakili majibu yake, tangu somo la thelathini na mbili. Zile tisini na tano hazikuwa zangu. Zilikuwa zake."

Annalise akainamisha kichwa kwenye atlasi zake. Mama alikirudisha kile kitabu mezani polepole, akapanda ngazi, akatoka nje. Jemima alimfuata. Walisimama kwenye maegesho, kando ya gari lao. Jemima alinyoosha mikono amkumbatie.

"Usinikumbatie kwanza," Mama alisema. "Nimekasirika, Jemima. Miezi minne nimekosa usingizi nikijiuliza nimekosea wapi. Nilisali mbele yako. Nawe ukaomba maziwa."

"Najua, Mama. Nisamehe."

Mama aliyatazama magari. Kisha akajipangusa uso kwa mkono. "Ulielewa mpaka wapi? Kuelewa kwako wewe, si kwake."

"Somo la thelathini na moja."

"Basi Jumatatu tunaanza la thelathini na mbili. Ukifika nyumbani utachukua kifutio."

Sasa akamkumbatia, kwa nguvu, na Jemima alilia sana.

Mchana ule Jemima alifuta hadi vidole vikamuuma. Jumatatu Mama hakufungua kitabu kwanza. Aliweka mezani mfuko wa unga na vikombe vya kupimia.

"Nusu gawanya kwa robo ni ngapi?"

"Sijui. Unageuza kitu fulani…"

"Sijakuuliza unageuza nini. Chukua kikombe cha nusu. Nataka kukijaza kwa kikombe cha robo. Nichote mara ngapi?"

"Mara mbili. Hilo kila mtu analijua."

Mama akamsogezea kikombe cha robo.

"Ala!" Jemima aliruka kwenye kiti. "Kumbe ndiyo hiyo? Kugawanya ni kuuliza zinaingia ngapi? Kwa hiyo tatu gawanya kwa robo ni… kumi na mbili! Mama, jibu linakuwa kubwa kuliko mwanzo! Kwa nini linakuwa kubwa?"

"Haya, huyo ndiye mwanangu amerudi," Mama alisema.

"Dada mkubwa anacheza na unga!" Silas alimzomea.

"Njoo nikufundishe, usiyejua kitu!" Jemima alimjibu.

Wiki tano walifanya kazi, asubuhi na tena baada ya chakula cha jioni, na Mama aliketi kando yake kila siku. Zipo siku Jemima alipata alama sitini, ipo siku alipata arobaini na mbili. Kila alipokosa, walirudi kwenye swali lenyewe hadi wakaona alipoteleza. Juni akafanya mtihani.

Bahasha ya matokeo ilifika Julai. Jemima alikuwa amefaulu, si kwa kishindo, katikati tu, lakini hesabu zote alizopata alizipata mwenyewe. Silas alirusha kofia yake juu ya jiko. Jemima alimtazama Mama.

"Si tisini na tano," alisema.

"Zile tisini na tano sizitaki," Mama alisema. Alivuta kiti, akaketi. "Nisikilize, mwanangu. Na mimi nina langu. Nilibana matumizi ya hela, nikabana na muda wangu kwako. Ningekifungua kile kitabu hata mara moja, ningeona. Hilo nimeliomba msamaha kwa Mungu, na kwako pia. Lakini wewe shika hili. Makosa yako hayakuwahi kunitisha. Ndiyo yananionyesha mahali ulipo, nije nikusaidie. Uliponificha makosa yako, ulijificha wewe mwenyewe, nami nikabaki miezi minne namfundisha mtoto ambaye hayupo. Ukikosa, kosa mbele yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Vizuri. Nenda kampigie simu bibi yako. Umwambie wewe mwenyewe, yote, kuanzia mwanzo."

"Hata ya majibu?"

"Anza na hiyo."

Jemima aliinua simu, akabonyeza namba.