Mifupa ya Kabati la Daktari

Jumapili, tarehe 8 Machi 1953, saa moja asubuhi, Mwalimu Yeremia alifungua nyumba ya daktari wa kwanza wa misheni moja karibu na Ilongero. Mwezi uliopita ilikuwa imegeuzwa makumbusho. Akakuta kabati la kioo, lisilo na kufuli, li tupu. Mifupa ya mtu mzima ambayo marehemu daktari aliwafundishia wauguzi ilikuwa imetoweka.

Saa tatu Sajini Naftali alimkuta mlinzi, Gasto, amekwisha kufungwa kamba. Ufunguo aliompa Yeremia asubuhi ulikuwa mmoja tu, na usiku alilala nao shingoni. Jela ilikuwa inamwita, maskini, na wanawe watano nyumbani.

"Nani aliingia jana?" Naftali alimuuliza.

"Mama Selina peke yake, afande. Alisiriba sakafu kwa samadi, kama kila Jumamosi. Saa kumi na moja akatoka na tenga lake la samadi iliyobaki, nami nikafunga."

Naftali alichungulia ndani. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Kwa mvua iliyonyesha usiku kucha, sakafu haikuwa imekauka. Nyayo za viatu vya Yeremia zilikwenda kabatini zikarudi, wala hapakuwa na nyingine. Msiribaji huanzia ukutani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Aliyechukua mifupa aliichukua kabla sakafu haijasiribwa, akaifunika kwa samadi tengani.

Alimkuta Selina akipalilia mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gasto amefungwa kwa kosa lako."

Selina aliweka jembe chini. "Mwachieni. Ni mimi. Ule mfupa wa paja uliopinda niliufunga vijiti mwenyewe, fahali alipomvunja mume wangu, Alute. Alifia kwa daktari. Tukaambiwa maradhi yake yanaambukiza, tusifungue sanduku. Miaka ishirini na mitatu nimelilia sanduku la mawe."

"Umemzika wapi?"

"Pale pale kaburini kwake."

Naftali alijuta kuuliza. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alisikiliza yote, akamwachia Gasto, akampa Selina miezi sita, akaamuru mali ya makumbusho irudishwe kabatini.

Jumatano Naftali alichimba mwenyewe. Selina, pingu mikononi, alisimama kando. Fuvu lilipoonekana, alisema taratibu:

"Kabla hujamtoa, mwambie wewe unampeleka wapi. Mimi nilimwambia amefika nyumbani."