Sikio la Nzi Katika Ukungu

Kwenye miteremko ya Uluguru watu huongea kutoka kilima hadi kilima. Mmoja akiita, kila anayesikia huitikia, hata kama hakuitwa yeye. Kukaa kimya ni utovu wa adabu.

Mchana huo Yuliana alikuwa anapalilia karoti ukungu uliposhuka. Mama yake, Prisca, alikuwa ameteremka kukata majani ya mbuzi. Punde sauti yake ikasikika: ameanguka, hawezi kusimama. Yuliana akaitikia. Majirani wakaitikia. Kilima cha pili nacho kikaitikia, na miamba ikarudisha sauti zote. Benedikto, mume wa Yuliana, alishika njia ya kulia, akarudi na matope mpaka magotini. Hakumwona. Huko juu mvua ilikuwa imeanza, mto ungejaa.

Ndipo akaja Shadia, mtafiti aliyepanga chumba jirani ili kurekodi milio ya wadudu. Mkononi alikuwa na kifaa kidogo kama kiberiti.

"Dada Yuliana, waambie wote wanyamaze."

"Mama yangu anaita, mimi ninyamaze? Atadhani tumemtupa."

"Mwambie kwanza. Akae hapo hapo, aendelee kuita. Kelele zetu ndizo zinazomficha."

Yuliana akapaza sauti, akawaambia wote. Kilima kikatulia. Prisca alipoita tena, mshale kwenye kioo cha kifaa ukageukia kushoto.

"Hicho kidude kina masikio ya nani?" Benedikto aliuliza.

"Ya nzi, kaka."

Wakielekea mahali pengine pa kupimia, Shadia alieleza. Yuko nzi huko Marekani anayemtafuta nyenje kwa kufuata mlio wake. Masikio yake yamekaribiana mno. Nafasi kati yake ni ndogo kuliko upana wa punje ya mchele. Sauti huyafikia karibu wakati mmoja. Lakini yameunganishwa na kijiti kinachocheza kama pembea ya ubao. Sikio lililo upande wa sauti hutikisika zaidi, naye nzi akajua pa kugeukia. Kifaa kimeiga sikio hilo.

Walipima tena. Mistari ya pande mbili zilizoonyeshwa na mshale ilikatana kwenye mianzi, kando ya mto. Walimkuta Prisca hapo, maji yakimgusa viatu. Wakambeba kwa machela.

Kitongoji kikakubaliana: aliyepotea atulie mahali pamoja, mmoja tu amwitikie, wengine wasikilize.

Mwezi uliofuata ukungu ulishuka tena. Nasra, mkulima wa bonde la pili, akaita. Shadia alikuwa mjini na kifaa chake. Yuliana akaitikia mara moja, kisha kilima kizima kikanyamaza, hata mto ukasikika. Nasra akaita tena.

Benedikto akanyoosha kidole. "Kule."

Alikuwa kule.