Kifaa Hakijatambuliwa

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la matairi kilinuka gundi na mpira uliochemka. Watu wanne, kiti kimoja. Aliyekikalia alikuwa Mjomba, mkuu wao, ingawa humo ndani hakuna aliyekuwa mpwa wake. Alichora kwa chaki sakafuni: geti, ofisi ya mizigo, ghala.

"Ghalani kumejaa simu mpya," alisema. "Mlango ni wa chuma. Hauna kufuli wala ufunguo, unafunguliwa na kompyuta ya karani wa mizigo. Kadi ya meneja ninayo. Fundi, waoneshe."

Fundi akachomeka kifaa cheusi kwenye kompyuta chakavu iliyowekwa juu ya pipa. Kilikuwa kisoma kadi. Kile cha ofisini meneja hutembea nacho mfukoni, kwa hiyo wao walinunua chao, aina ileile. Kompyuta ikalia mara moja. Taa ya kijani ikawaka. Akagusisha kadi, namba zikajaa kwenye kioo.

"Rahisi kama kunywa maji," alisema Bega, mpakiaji wao, mtu mpana kama kabati.

Wiki nzima walikuwa wakifanya zoezi hilo, na wiki nzima taa iliwaka bila ubishi. Lakini kompyuta ilikuwa hiyohiyo moja, na tundu hilohilo moja. Siku ya kwanza kabisa ni Bega aliyekichomeka, Fundi akiwa ametoka kwenda kunywa chai, na kompyuta ilihangaika kitambo kizima kutafuta mtandaoni programu ya kukiendesha kile kifaa. Bega aliona kiduara kinazunguka, akaona ndiyo kawaida yake, akanyamaza. Aliporudi Fundi, mambo yalikuwa tayari. Upuuzi wote wa siku ya wizi ulianzia hapo, kwenye kikombe cha chai.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wangeingia saa ya chakula cha mchana kama mafundi wa kompyuta. Karani angewapisha. Mlango ungefunguka, Bega angepakia, lori lingeondoka.

"Tunaingia wanne, tunatoka wanne," alisema Mjomba. "Atakayeleta za kuleta, tunamwacha hukohuko." Akafunua kidogo mkoba wa vifaa. Bastola ilikuwa imelala chini ya bisibisi.

Dereva wa lori alikuwa mume wa mdogo wake Fundi, na genge zima lilimwita Shemeji kama Fundi alivyomwita. Asubuhi ile Fundi alipompitia nyumbani, mdogo wake alimvuta kando ya ukuta, mikono imejaa povu la sabuni.

"Kaka, sitaki kujua mnakwenda wapi," alimwambia. "Nimechoka kudanganywa. Nataka kitu kimoja tu. Unirudishie mume wangu."

Fundi akaapa. Aliapa haraka, kama mtu anayetaka kuondoka.

Saa saba kasorobo mchana.

Ofisini hakuna mtu anayefunguliwa mlango upesi kama fundi wa kompyuta. Karani wa mizigo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, hakudai hata kitambulisho.

"Afadhali mmekuja, wanangu," alisema. "Hii mashine inanitesa. Na printa nayo muiangalie, inakula karatasi." Akabeba mkoba wake akaenda kula.

Bega akasimama mlangoni. Nje, Shemeji akarudisha lori kinyumenyume hadi kwenye mlango wa ghala. Mjomba akasimama nyuma ya kiti. Fundi akachomeka.

Kompyuta ikalia. Taa haikuwaka. Kwenye kona ya kioo kikatokea kijisanduku: Inatayarisha kifaa. Kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka tena, kisha maandishi yakabadilika. Kifaa hakijatambuliwa.

"Nini hicho?" Mjomba aliuliza.

"Subiri kidogo."

Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Kiduara. Hakijatambuliwa. Akahamia tundu la pili, kompyuta ikaanza moja kama vile haijawahi kukiona. Hakijatambuliwa.

"Haina draiva," alisema. "Programu ya kuongoza kifaa. Ilitakiwa ijisakinishe yenyewe."

"Dereva yupo nje anasubiri," alisema Bega kutoka mlangoni.

"Bega, funga mdomo."

Fundi akafungua orodha ya vifaa. Kisoma kadi kilikuwepo, kimebandikwa alama ya njano. Hilo halikumtisha. Ndani ya soksi alikuwa na flashi yenye draiva, kwa dharura. Akaichomeka, akaielekeza kompyuta kwenye faili, akabonyeza. Kioo kikafifia. Ingiza pasiwedi ya msimamizi wa mfumo.

Alipiga meza kwa ngumi. Kampuni ilikuwa imezifunga kompyuta zake zote. Kifaa kipya hakiingii mpaka watu wa kitengo cha kompyuta waruhusu. Alijaribu pasiwedi ya kizembe, ikakataliwa. Akajaribu jina la kampuni, ikakataliwa. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta kila kitu cha kubadilisha kimefifia, hakibonyezeki. Alitamani kuibeba ile mashine aitupe dirishani.

"Wiki nzima iliwaka," alisema Mjomba taratibu. "Leo haiwaki. Mimi nielewe vipi?"

"Ile kompyuta ya kule ilikuwa imeshakijua kifaa. Hii haikijui."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Sikuwepo siku ya kwanza. Aliyechomeka ni Bega."

"Mimi nilijua inawaza," alisema Bega.

Mjomba akaingiza mkono mkobani, akauacha humohumo. "Ifungue, Fundi. Sijali unafanyaje."

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa ya aibu kwa jambazi. Fundi akanyanyua mkonga wa simu ya mezani, akapiga namba ya msaada iliyobandikwa chini ya kioo. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa chakula.

"Msaada wa kompyuta, karibu."

"Habari, dada. Napiga kutoka ofisi ya mizigo, mashine namba kumi na saba kwenye stika. Nimechomeka kisoma kadi, draiva imeshindwa kujisakinisha, msimbo wa kosa ni ishirini na nane. Faili ninalo. Naomba ruhusa ya msimamizi tu."

Upande wa pili kijiko kikawekwa sahanini.

"Sawa, kaka," alisema yule dada hatimaye, sauti imelainika. "Naingia kwenye mashine yako kutoka huku. Usiguse chochote, na usikate simu."

Mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo. Bega aliusogelea kama mtoto. Mjomba akashusha pumzi. Mshale ukafungua dirisha, ukalifunga, ukafungua jingine.

"Kaka, hebu chomoa uchomeke tundu la nyuma."

Akafanya.

"Inakwenda. Vumilia kidogo." Mshale ukarudi dirisha la kwanza. "Sasa zima mashine, uiwashe upya."

Hapo kidole cha Fundi kikasimama juu ya kitufe. Draiva ile haihitaji kuzima mashine. Alijua, kwa sababu aliwahi kukaa miaka kwenye kiti kama cha yule dada, akipokea simu kama hiyo. Na katika miaka yote hiyo hakuna karani aliyempigia akamtajia namba ya stika na msimbo wa kosa. Makarani husema kompyuta imegoma, basi. Yeye alitaja yote kwa mpangilio, kwa mazoea ya kazi, akajianika mwenyewe. Dada wa watu alikuwa akivuta muda, na polisi walikuwa njiani.

Angemwambia Mjomba, mkono ule ungetoka mkobani na kitu. Angenyamaza, wangekamatwa wote, na nje kwenye usukani alikuwa amekaa yule aliyeapa kumrudisha kwa mdogo wake. Akazima kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi, akatoa simu yake chini ya meza, akaandika kwa kidole gumba: Ondoka sasa hivi. Usitungoje.

Saa saba na robo.

Lori likanguruma. Mjomba akageukia dirishani, akaliona likitoka getini mkia juu.

"Anakwenda wapi huyo?"

Fundi akarudisha simu mfukoni.

"Umemwambia nini?" Bastola ilikuwa nje sasa. "Fundi. Umemwambia nini?"

"Polisi wanakuja, Mjomba. Kimbieni."

"Unamwokoa wa kwenu, sisi unatuambia mwisho."

Risasi ilimpata pajani. Akaanguka na kiti. Alisikia Bega akivunja dirisha la nyuma, akamsikia Mjomba akitukana wakati anaruka ukuta, halafu hakusikia kitu ila mkonga uliokuwa ukining'inia mezani. "Kaka? Kaka, upo?" yule dada alikuwa akiuliza, na sauti yake ilitetemeka kweli.

Fundi alifumba macho. Mguu ulimuuma vibaya, lakini moyo ulitulia. Angalau hilo moja limefaulu.

Ndipo akasikia lori likiingia uani kwa kasi. Mlango ukabamizwa. Shemeji akaingia mbio, akapiga magoti kwenye damu, akavua shati akaanza kumfunga paja.

"Nilikwambia uondoke," alisema Fundi.

"Niliondoka. Nikasikia mlio, na barabarani nikapishana na polisi. Nikageuza."

"Ukapishana nao, ukageuza?" Machozi ya hasira yalimtoka. "Una akili kweli wewe? Nimemwapia mdogo wangu kitu kimoja. Kimoja tu. Kwamba utarudi nyumbani."

Shemeji akakaza fundo la shati kwa meno. Nje breki zililia, milango ya magari ikafunguka.

"Na mimi jana alinishika mkono jikoni," alisema. "Akaniapisha nisirudi bila kaka yake."